Magoti ya Ngiri na Kawa la Tunu

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Wote. Na wewe uliyekaa nyuma, nakuona unachungulia.

Sasa oneni asubuhi yenye baridi. Oneni jiwe kubwa, refu kuliko nyumba, limesimama peke yake bondeni. Juu ya jiwe wamejipanga pimbi, bega kwa bega, mabibi na wajukuu, matumbo wameyaelekeza kwenye jua. Hakuna anayesema neno. Wanaota jua tu. Pimbi ndivyo alivyo: damu yake hupoa usiku, na asubuhi asipoota jua miguu haimpeleki popote.

Mmewaona? Haya, fumbueni macho. Hao ndio wenye hadithi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kuazimana chumvi, kwenye jiwe hilo lililoitwa Jiwe Refu aliishi pimbi mmoja jina lake Zawena. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa ulimi. Kazi yake ilikuwa kusuka makawa, yale ya kufunikia chakula kisiingie nzi.

Dada yake, Tunu, aliishi upande wa pili wa bonde, kwenye Jiwe la Machweo. Tunu alizidisha chumvi katika kila alichopika, na alipocheka sauti ilimtoka puani: fwii, fwii, fwii! Siku alipoolewa, Zawena alimsukia kawa. Kwa haraka ya harusi akakosea. Utepe mmoja mwekundu wa ukindu pale mdomoni mwa kawa ukageuka, upande wa ndani ukatazama nje.

"Lete nifumue," Zawena akasema kwa aibu.

"Thubutu!" Tunu akalikumbatia kawa lake. "Hapo ndipo nitakapojua kuwa huu ni mkono wako. Fwii, fwii!"

Basi kosa likabaki pale pale.

Zawena alikuwa na mtoto ambaye hakumzaa. Mwaka mmoja wa mafuriko alikikuta kitoto cha ngiri matopeni, mama yake amechukuliwa na maji, kinalia hadi sauti imekauka. Akakibeba. Akakiita Mashavu, kwa sababu ya vile vinundu vya usoni. Akakilisha ndago, vile viazi vidogo vitamu vinavyojificha chini ya majani.

Sasa ngiri, wanangu, shingo yake fupi. Akitaka kula cha ardhini, hukunja miguu ya mbele akapiga magoti. Ndivyo wanavyokula ngiri wote, tangu na tangu, mpaka magoti yao yana sugu.

Zawena alikuwa akimtania. "Mashavu, unakula au unaomba msamaha?"

"Nakula, Mama!" Mashavu alijibu, mdomo umejaa, na wote wawili wakacheka.

Mashavu akakua, akawa ngiri mkubwa mwenye pembe nzuri. Ndipo alipokuja Chui.

Chui hakuja kutembea. Alikuja kutawala. Nyuma yake waliandamana askari mbwa mwitu, mbele yao Afande Kishindo akibweka amri. Wanyama walipowaona wakatawanyika. Swala, puu! hayupo. Nungunungu, kacha kacha kacha! hayupo.

Mashavu hakuona kitu. Alikuwa amepata ndago.

"Ala!" Chui akasimama. "Huyu ni nani?"

"Ngiri, Mtukufu," Afande Kishindo akajibu.

"Wenzake wote wamekimbia. Yeye peke yake amenipigia magoti. Sikiliza, hata ananisifu kwa sauti ya chini!"

Kwa kweli Mashavu alikuwa anatafuna.

"Inuka, ngiri! Wewe unajua heshima. Tangu leo wewe ni Mkuu wa Bonde hili."

Mashavu akainua kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa, hakuweza kujibu. Akaitikia kwa kichwa tu, na jambo likawa limekwisha.

Jioni alimkimbilia Zawena. "Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Mama, nimekuwa Mkuu! Na nilikuwa nakula ndago!"

Wakacheka mpaka Zawena akajishika mbavu. "Na hukumwambia ukweli?"

"Nitamwambiaje chui kwamba sikumwona, Mama?"

Basi Mashavu akapewa kofia yenye unyoya wa mbuni, na filimbi ya shaba ya kuitia watu. Nisiwafiche, mwanzo alifanya mema. Alichimbisha kisima. Alipatanisha majirani. Zawena alipokwenda kuteka maji aliwaambia wenzake, "Hicho kisima ni cha mwanangu," hata wale waliokwisha kuambiwa jana.

Chui naye, tangu siku ile, alipenda sana kupigiwa magoti. Akatoa amri: kila mnyama ampigie magoti yeye, na atakayempigia mwingine ni msaliti. Mashavu akaogopa. Akaacha ndago. Akawa anakula mikate mezani, amesimama wima, kitambaa kifuani.

Siku moja alipita Jiwe Refu na askari wake. Alimwona Zawena mlangoni.

"Habari za hapa?" akasema, akaendelea na safari.

Zawena alikuwa amekwisha kufungua mdomo kuitikia shikamoo. Akaufunga. "Amechoka tu," akajiambia. Mama huwa na visingizio vingi kwa ajili ya mtoto wake.

Kisha vita vikaja. Chui aliutaka mto wa tembo, tembo wakakataa. Wakapigana, na askari wa Chui wakawa wanarudi wakichechemea. Chui akatafuta wa kumlaumu.

Fyiiii! Filimbi ikalia. Wanyama wakakusanyika. Mashavu akapanda juu ya kichuguu, kofia kichwani.

"Amri imesema!" akatangaza. "Imegundulika kwamba pimbi ni ndugu wa tembo. Tazameni kucha zao: za tembo! Tazameni meno yao: ya tembo! Hawa ni tembo wadogo, wametumwa wajifiche kati yetu. Leo wadogo, kesho watakua! Amri imesema wasitoke kwenye mawe yao mpaka watakapoambiwa."

Wanyama wakatazamana. Zawena alingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Nungunungu, aliyeazima chumvi kwake jana tu, akatazama pembeni. Swala akauvuta mtungi wake mbali na mtungi wa pimbi.

Mjukuu wa Zawena, Sikitu, akamvuta bibi yake. "Bibi, kweli nitakuwa tembo?"

"Twende nyumbani, Sikitu."

"Nitaota mkonga?"

"Kamasi ya hicho kipua chako inakushinda kuifuta, mkonga mzima utaufutaje?"

Sikitu akacheka. Zawena hakucheka. Alimfuata Mashavu mpaka barazani kwake.

"Mashavu. Umelelewa mgongoni kwangu. Uliona mkonga?"

"Si mimi, Mama," Mashavu akanong'ona. "Amri imetoka juu."

"Na mdomo ulioisema?"

"Ni amri, Mama. Amri."

Kesho yake askari walilizunguka kila jiwe la pimbi. Wa kwanza kuondolewa walikuwa pimbi wa Jiwe la Machweo. Waliambiwa wanahamishiwa Malisho Mapya, nyuma ya vilima, kwenye majani mabichi. Waliambiwa wachukue na vyombo vyao.

Zawena aliwatazama kutoka juu ya Jiwe Refu. Walikuwa mstari mrefu wa vitone vidogo, na sufuria vichwani. Alimtambua Tunu hata kwa mbali, maana alikuwa amelivaa kawa lake kichwani kama kofia. Tunu akapunga mkono. Zawena akapunga.

Fyiiii! Mstari ukaanza kwenda. Vumbi likatimka. Wakapita nyuma ya vilima.

Askari walirudi. Pimbi hawakurudi.

"Watakuwa wamefika, wamekaa vizuri," wakasema pimbi wa Jiwe Refu.

"Mbona basi hakuna salamu?" Zawena akauliza. "Tunu nimjuaye mimi akae kimya?"

Baada ya siku si nyingi, Mashavu akaja kumtembelea. Alikuja peke yake, ameficha kitu nyuma.

"Mama, nimekuletea zawadi. Unawasukia wenzio kila siku, chakula chako mwenyewe kinaingia nzi."

Akampa kawa.

Zawena akalipokea kwa mikono miwili. Kidole chake kikaenda chenyewe mpaka mdomoni mwa kawa, kikatembea pole pole, kikasimama. Pale palikuwa na ukindu mwekundu uliogeuka, upande wa ndani ukitazama nje.

Wanangu, Zawena hakulia. Angelia, Mashavu angejua kwamba amejua.

"Zuri," akasema. "Umelipata wapi?"

"Ghalani kwetu. Siku hizi vitu vimejaa tele, havina wenyewe."

"Havina wenyewe," Zawena akarudia taratibu.

Mashavu akasogea, akashusha sauti. "Mama, sikiliza. Zamu ya Jiwe Refu imekaribia. Lakini wewe usiogope. Nitakuficha kwangu, nitasema wewe ni mpishi."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako. Kwa ajili ya mema yako."

"Na Sikitu?"

Mashavu akavua kofia, akaanza kuupangusa unyoya ambao haukuwa na vumbi. "Ni amri, Mama."

Zawena akamtazama. Alimwona mtoto wa matopeni, na alimwona Mkuu wa Bonde, na wote wawili walikuwa uso mmoja. Kisha akayatazama magoti yake. Yalikuwa yamelainika. Hayakuwa na sugu tena.

"Siku hizi unakula nini, mwanangu?"

"Mikate. Chai. Mezani."

"Na ndago?"

Mashavu akameza mate, glup! "Mama, usinikumbushe. Nitapigaje magoti? Nikionekana nimekwisha."

"Pole," Zawena akasema. "Basi na mimi nina ombi. Kama ni kuondoka, tuondoke kwa heshima. Mwalike Mtukufu mwenyewe aje aone unavyofanya kazi. Huenda akakupandisha cheo."

Masikio ya Mashavu yakasimama. "Uwaziri?"

"Kwa nini usiwe uwaziri? Ila aje asubuhi, tukiwa juu ya jiwe. Wewe unatujua, kabla ya jua hatutembei. Au mtatubeba mmoja mmoja?"

"Kweli, Mama. Nakumbuka."

"Na siku hiyo usile kwanza. Utakunywa chai pamoja na Mtukufu."

Mashavu akaondoka mbio kupeleka mwaliko. Zawena akalishika kawa kifuani, akakaa hivyo muda mrefu.

Kisha akawaita pimbi wote wa Jiwe Refu, akawaonyesha lile kosa la ukindu. Hakuhitaji kusema mengi. Wote waliwahi kula kwa Tunu, chini ya kawa hilo hilo, wakalalamikia chumvi.

"Nyuma ya jiwe kuna ufa," akasema, "unatokea njia ya mtoni. Askari wamesimama hapo mdomoni. Tutawaondoa."

"Kwa kitu gani?" wakauliza. "Kwa mawe?"

"Kwa ndago."

Wakadhani huzuni imemzidi. Lakini hawakuwa na la kufanya zaidi, wakamfuata. Ulikuwa wakati wa kiangazi, bonde zima limekauka rangi ya mkate. Walichimbua ndago kwenye kila ufa, wakazipanda chini ya jiwe, upande wa mbele, wakazimwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Afande Kishindo akaja mbio. "Nyinyi! Mnafanya nini hapo?"

"Tunapamba, Afande," Zawena akajibu. "Mtukufu anakuja. Apokewe penye vumbi?"

Afande akafikiri. Kila alikopita Mtukufu palipambwa, hilo alilijua. "Pambeni vizuri basi!" akabweka. "Na huku pembeni mmesahau!"

Pimbi mmoja alimkuta Zawena amejiinamia peke yake kwenye kile kibustani, machozi yanadondoka. "Dada Zawena, unalia?"

"Nampikia mwanangu," Zawena akajibu.

Siku ikafika. Jua lilipochomoza pimbi walikuwa wamejipanga juu ya Jiwe Refu, bega kwa bega, wanaota. Askari wamelizunguka jiwe. Swala, nungunungu na wengine wote wameitwa wasimame watazame.

Mashavu akatangulia kufika. Kofia ameipiga mswaki, filimbi inang'aa shingoni, tumbo tupu linanguruma. Akasimama chini ya jiwe kumngoja Mtukufu.

Ndipo upepo ukaleta harufu. Nff. Nff, nff. Udongo uliolowa. Majani mabichi.

Akatazama chini. Akatazama njiani, hakuna mtu. Akatazama tena chini.

"Mashavu," sauti ikaita kutoka juu, pole pole, kama ilivyoita zamani. "Hujala leo, mwanangu."

Mashavu akainua uso. Kwa kitambo kidogo akawa yule yule wa matopeni, macho makubwa, pua inacheza. Moyo wa Zawena ukamgeuka. Neno moja tu lingetosha: usile. Lilikuwa limefika ulimini. Akageuka akamtazama Sikitu, aliyekuwa ameegemea bega lake akipiga miayo juani. Akalimeza lile neno.

"Kidogo tu," Mashavu akanong'ona. Akakunja mguu mmoja. Akakunja wa pili. Kwacha, kwacha, kwacha! Kofia ikaanguka, hakuiokota.

"MASHAVU!"

Chui alikuwa amesimama nyuma yake.

Mashavu akageuka, mashavu yamejaa, magoti bado ardhini.

"Mkuu wangu," Chui akasema, kila neno likitoka kama kucha, "anampigia nani magoti?"

Wote wakatazama. Mbele ya Mashavu palikuwa na jiwe, na juu ya jiwe palikuwa na pimbi.

"Amewapigia tembo wadogo!" Afande Kishindo akabweka. "Msaliti!"

Zawena akajibu kwa sauti tamu sana. "Mtukufu, usimkasirikie. Ametupigia magoti vile vile alivyokupigia wewe siku ile ya kwanza."

Mashavu akajitahidi kumeza. Glup! "Hapana, Mtukufu! Sikumpigia mtu magoti! Nilikuwa nakula! Ngiri wote hula hivi! Muulizeni yeyote!"

"Kula?" Chui akasema.

"Kula tu, wallahi!"

"Na siku ile?"

Mashavu akamtazama mama yake juu ya jiwe.

"Siku ile pia alikuwa anakula, Mtukufu," Zawena akamsaidia. "Hakukuona hata mkia."

Kimya. Bonde zima kimya. Halafu askari mmoja, kijana tu, akaziba pua yake kwa nguvu, kicheko kikamponyoka: "Kff!"

Mwenzake akafuata. "Kwi!"

"Kwi kwi kwi kwi!" Swala akaanguka chini. Nungunungu akacheka mpaka miiba ikawa inagongana, kacha kacha kacha. Mashavu alitawala kwa sababu ya magoti, na magoti yenyewe yalikuwa ya ndago!

"Nyamazeni!" Chui akanguruma. "Mkamateni! Wakamateni wote wanaocheka!"

Mashavu akatimua mbio, mkia umesimama wima kama kijiti cha bendera. Nusu ya askari wakamfuata yeye, nusu wakawafuata waliocheka, na waliocheka walikuwa kila upande. Pale mdomoni mwa ufa hakubaki hata mmoja.

"Haya!" Zawena akasema.

Pimbi walikuwa wameota jua, miguu imepata moto. Chururu, chururu, chururu! wakaingia ufani, mabibi na wajukuu, wakatokea njia ya mtoni. Zawena alitoka wa mwisho, kawa kichwani.

Ng'ambo ya mto alisimama tembo mmoja bibi kizee. Aliwatazama wale wadogo wakihema ukingoni.

"Nyinyi ndio ndugu zetu?" akauliza.

"Ndivyo tulivyotangaziwa," Zawena akajibu.

Tembo akainamisha kichwa, akatazama kucha za Zawena. Akatazama na zake. Akacheka kidogo. "Basi karibuni nyumbani, ndugu zangu." Akaunyoosha mkonga juu ya maji, nao wakavuka juu yake.

Chui hakudumu. Tangu siku ile, kila wanyama walipompigia magoti mmoja wao alijiuliza, "Huyu anakula nini?" na kicheko kikamtoka. Askari wanaocheka hawaogopeshi mtu. Tembo walipovuka mto, Chui akaondoka bila kuaga, na askari wake wakaenda njia nyingine.

Pimbi wakarudi Jiwe Refu. Zawena akainama kuingia pangoni kwake, akakuta macho mawili yanamtazama.

Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso nje. Ndivyo alivyokuwa ameingia Mashavu. Alikuwa amekonda, hana kofia, hana filimbi.

"Shikamoo, Mama," akasema.

Zawena hakuitikia. Akakaa chini mlangoni.

"Sina pa kwenda, Mama. Nilitumwa. Ilikuwa amri."

"Siku ile ya Jiwe la Machweo," Zawena akauliza, "nani alipuliza filimbi?"

"Amri, Mama. Amri ili..."

"Amri ina mapafu?"

Mashavu akainamisha uso. Zawena akalivua kawa, akaliweka kati yao.

"Weka kwato yako hapa. Pole pole. Hapo. Unakumbuka?"

Kwato ikasimama juu ya ukindu uliogeuka. Mashavu alikuwepo siku ya harusi ile, mdogo, kando ya jamvi la wageni, akila ndago. Alikuwa amesikia: Hapo ndipo nitakapojua kuwa huu ni mkono wako. Fwii, fwii!

"Ni la Mama Mkubwa Tunu," akasema.

"Ndiyo. Lina mwenyewe. Nani alipuliza filimbi, Mashavu?"

"Mimi," Mashavu akasema, kwa sauti ndogo kama ya siku ile ya mafuriko. "Nilijua wanapelekwa wapi. Nilipuliza mimi, Mama."

Zawena akafumba macho.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Kisha akamtoa pangoni, akampeleka mbele ya baraza la wanyama. Hakumshika kwa kamba. Alitembea naye, bega lake likifika kwenye goti la Mashavu.

"Atupwe mtoni!" Swala akapiga kelele kuliko wote.

"Wewe Swala," Zawena akasema, "mtungi wako ulihamia wapi siku ile ya tangazo?" Swala akakaa chini.

Baraza likaamua hivi: Mashavu aende akaishi Jiwe la Machweo, ambako hapakubaki mtu. Kila asubuhi alifagie, jua linapolipiga na hakuna pimbi wa kuliota. Na yeyote atakayepita akauliza, "Mbona jiwe hili ni tupu?" amjibu kwa mdomo wake mwenyewe, na neno lake la kwanza liwe "mimi".

Ndivyo alivyoishi mpaka alipozeeka. Mara moja moja Zawena alivuka bonde kumpelekea ndago, amezifunika kwa kawa la Tunu. Mashavu alipiga magoti akala, na Zawena alikaa kando yake. Hawakutaniana tena. Lakini alimngoja mpaka amalize.

Anayetumwa kutenda ubaya akautenda, ubaya huo ni wake.

Nanyi, wanangu, kabla hamjainuka, nina ombi dogo. Mkisahau kofia yenye unyoya, sawa. Mkimsahau Chui, sawa pia. Mkumbukeni tu Tunu, aliyezidisha chumvi, na akicheka sauti ilimtoka puani: fwii, fwii, fwii.